Geuza Kichwa, Polepole

Nimepaka dari miaka kumi na tisa.
Dari za Buswelu, dari za Nyegezi,
dari ya benki ambayo haitanikopesha.
Wengine huijua nyumba kwa mlango,
mimi huijua kwa kisogo:
kidevu juu, matone meupe kwenye kope,
hadi jioni shingo imekuwa kuni.

Kwa hiyo nilikuwa mteja mzuri wa Lukelesha.
Pale Mkuyuni, chini ya feni isiyozunguka,
akishanyoa hupaka spiriti, hupiga mabega makofi,
kisha viganja viwili vinakuja kwenye taya
kama mtu anayechagua tikiti sokoni.
"Legea," husema. "Legea, fundi."
Na ghafla, ka!
Na upande wa pili, ka!
Walio kwenye benchi hucheka kwa wivu.
Nalipa elfu tatu, natoka mwepesi
kama mtu aliyetuliwa gunia.

Jumamosi ile ilikuwa ka moja tu.
Nilisimama, sakafu haikusimama nami.
Yale mawe ya mlimani, yaliyokaa juu ya mabati ya watu
tangu kabla ya babu, bila kuanguka,
niliyaona yakinyanyuka, yanahama.
Nikakumbatia nguzo ya umeme,
nikahesabu misumari ya matangazo ya waganga,
nikatapika chai.
Lukelesha akatoka na kitana mkononi.
Akasema ni njaa.

Bugando, siku ya tatu. Foleni, karatasi ya njano,
mke wangu Nyamizi akijibu maswali niliyoulizwa mimi.
Kisha chumba chenye giza saa sita mchana
na dada mmoja, Bituro kwenye kibandiko cha kifuani,
akanipaka shingoni jeli baridi kama tumbo la sato.

"Mishipa minne," akasema. "Miwili ya mbele
unaisikia ukijigusa. Miwili ya nyuma
imepitishwa ndani ya mifupa, tundu kwa tundu,
kama kamba ya suruali kwenye pindo lake.
Hiyo ndiyo inayolisha upande wa ubongo
unaokuambia chini ni wapi."

Akabonyeza kitufe, nikaisikia damu yangu.
Fwaa. Fwaa. Fwaa.
Ziwa, nikasema moyoni. Mwalo wa Kirumba
saa zile dagaa wamekwisha kuanuliwa na watu wamelala.
Miaka arobaini na sita limepiga nyuma ya sikio langu,
nami nasikiliza redio.

"Geuza kichwa kushoto. Polepole."
Fwaa.
"Zaidi."
Fwaa, nyembamba kidogo, au ni masikio ya mwoga?
"Kulia. Sasa juu, kama kazini."
Nikatazama juu. Dari ilipakwa vibaya,
mistari ya rola, kona moja haikuguswa kabisa.
Fwaa.

Akafuta jeli. "Haijapungua," akasema.
"Shingo yenye afya haikauki damu kwa kugeuka,
mshipa mmoja ukibanwa, wenzake hubeba.
Ila wapo wachache, wachache mno,
ambao ngozi ya ndani ya mshipa huchanika
wakizungushwa ghafla.
Hatujui kumtambua mmoja wao kabla."
"Na kile kizunguzungu?"
Akatazama skrini iliyozimwa. "Sijui.
Leo umepita."
Nyamizi akauliza leo inaishia saa ngapi.

Nywele haziulizi, huota.
Mwezi ulipokwisha nikarudi kwenye kiti kilekile.
Mashine, poda, spiriti, makofi mabegani.
Viganja vikaja.
Nikavishika vyote viwili, papo hapo, juu ya taya,
tukabaki hivyo ndani ya kioo,
wazee wawili kama tunaagana bandarini.
Benchi likanyamaza.
Chini ya kidole chake cha kati kitu kilikuwa kinagonga.

"Unakisikia?"

Alikaa kimya muda mrefu, kichwa kimeinama,
kama anayesikiliza mlango wa jirani.
"Nakisikia," akasema. "Kumbe huwa kipo siku zote?"

Nikampa elfu tatu ileile.